Mtoto wa Watu Kwanza

Mimi bahari naiogopa, na sioni haya kusema. Nimezaliwa Makete, ambako maji ya kuogopwa ni yale ya kuoga alfajiri, na mpaka nilipopangiwa kufundisha Mtwara sikuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mwaka wa kwanza nikipita ufukwe wa Shangani nilikuwa nageuza uso upande wa nyumba, kama mtu aliyekosana na jirani. Mume wangu alinicheka mpaka akachoka. Yeye ni mtu wa ziwani, wa Ukerewe, kajua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na nyumbani kwetu likija suala la maji neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. "Maji ni maji," alikuwa akisema. "Ukiyajua ya kule umeyajua ya huku."

Na mimi, niliyekulia mlimani, ningembishia nini?

Tunaishi Rahaleo, na Rahaleo sikukuu ni ya wote. Krismasi sahani zinatoka kwangu zinakwenda kwa majirani, Idi zinatoka kwao zinakuja kwangu. Na sote, wa msikitini na wa kanisani, tuna sheria moja: mtoto akivalishwa nguo mpya lazima atembezwe. Ukimvalisha halafu ukamwacha barazani umemwonea. Zamani, nasikia, ilitosha kuzunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi. Siku hizi wanaona kwenye simu watoto wa Dar wakiteleza kwenye mabomba ya rangi na kutumbukia bwawani, basi na wao wanataka maji. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alinionyesha picha moja akaniuliza huku kwetu bomba la kuteleza liko wapi. Nikamwambia huku kwetu mabomba ni ya gesi. Hakucheka hata kidogo.

Baba yake ndiye aliyepata jibu. Juma moja kabla ya Idi alikuwa amekwenda Msimbati na wenzake wasiofunga wa maghala ya bandarini, wakapelekwa kwa mtumbwi kwenye fungu la mchanga lililo katikati ya maji, wakashinda huko kutwa nzima wakichoma samaki. Alirudi amekolea. Mchanga mweupe pe, maji ya kufika magotini kuzunguka pande zote, hakuna jiwe, hakuna miba. "Tumekaa mpaka jioni, fungu halijalowa hata kidogo," akasema. "Lile ni bwawa la Mungu. Idi ya pili nawatoa."

Nilikataa, akacheka. Nikakataa tena, binti yangu akalia. Basi, nikapanga mihogo ya kukaanga kwenye kapu, na moyo wangu ukiwa juu juu tangu jana yake.

Sasa nimtaje jirani yangu, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya kuchekesha tu. Tunapakana ukuta. Ni mkubwa kwangu kidogo, namwita dada, na yeye ananiita mwalimu hata tukiwa tunachambua mchele. Mume wake siku nyingi yuko Nanyamba kwenye mikorosho. Wana mtoto mmoja tu, wa kike, waliyempata baada ya mimba nyingi kuharibika, na mama yake alikuwa hamwachi aende hata dukani peke yake. Mtoto akipiga chafya, mama anasimama. Asubuhi ile ya Idi ya pili nyumba yake ilikuwa imejaa wageni kutoka Mpapura, masufuria yako jikoni, hana nafasi hata ya kukaa, na yule mtoto, mwenye miaka saba, alikuwa anagaragara chini kwa kilio kwa sababu rafiki yake anakwenda kutembea na yeye haendi.

Dada akaja naye mlangoni amemshika mkono. Kamvalisha gauni la Idi la manjano, hina mpaka kwenye viwiko. Akauchukua mkono wa mtoto akauweka kwenye wangu.

"Mwalimu, nakukabidhi. Ni amana hii."

"Dada, nitamrudisha kama nilivyompokea."

Tulipokuwa tunapanda kwenye Noah ya kukodi, akapiga kelele kutoka barazani: "Jamani, msiende mbali! Leo bahari nayo ina Idi yake!"

"Tutaipelekea pilau!" mume wangu akamjibu, na kweli lilikuwapo, dada alikuwa ametufungia bakuli zima. Tukacheka wote. Mimi nilidhani ni salamu ya sikukuu. Watu wa huku wana namna yao nzuri ya kusema mambo.

Tulifika Msimbati jua limeshapanda. Dereva akatushusha mwisho wa minazi, upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma, akaahidi kurudi alasiri. Watu wa Idi walikuwa wengi, ila wao walikuwa mbali, karibu na kijiji, muziki unasikika kidogo tu. Nikatazama mbele nikashtuka. Bahari haikuwepo. Pale nilipotegemea maji palikuwa na mchanga wenye makunyanzi, majani ya baharini yamelala, na kinamama wamejiinamia huko mbali na ndoo zao wakitafuta kome na pweza. Sijui kwa nini, lakini bahari iliyoondoka ilinitisha kuliko iliyopo.

Mume wangu ndio kwanza akafurahi. "Mnaona? Juma lililopita tulihitaji mtumbwi. Leo tunakwenda kwa miguu!"

Tukaenda kwa miguu. Kati ya pwani na fungu palikuwa na mkondo mmoja wa maji, yakatufika kwenye vifundo. Watoto walivuka wanarukaruka. Binti yangu alisimama katikati akaniambia, "Mama, hata wewe unaweza." Fungu lenyewe, nikiri, lilikuwa zuri. Wale wawili walichimba mashimo, wakafukiana miguu, wakafukuza kaa wadogo, wakateleza kwenye ukingo wa mchanga mpaka kwenye kidimbwi kilichobaki, na yule wa manjano alicheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho nyumbani kwao. Mimi nilikaa juu kabisa ya fungu, kapu mbele yangu, dumu la maji ya kunywa ubavuni, nahesabu vichwa viwili. Nikimaliza naanza tena.

Wakati wa kula nilimpakulia yule wa jirani kwanza, na finyango kubwa ya nyama nikampa yeye. Binti yangu akanuna.

"Mama, kila siku yeye."

"Mtoto wa watu kwanza," nikamwambia. Ndivyo nilivyolelewa, na sidhani kuna nyumba nchi hii ambayo mtoto hajaambiwa hivyo, tena mbele ya mgeni, kwa jicho la kumnyamazisha. Akala mfupa wake.

Baada ya kula mume wangu akalala, kofia usoni. Hapo ndipo nilipowaona wale kinamama wanaondoka. Hawakukimbia. Walijinyoosha tu, mmoja baada ya mwingine, wakajitwika ndoo, wakaelekea pwani wote. Mmoja akageuka kwetu, akapiga kelele, akapunga mkono, akapunga tena kwa nguvu. Upepo ukayachukua maneno. Na mimi nikampungia.

"Wanakwenda wapi wote?" nikamwuliza mume wangu.

"Wamepata kitoweo," akajibu chini ya kofia. "Wanawahi kupika."

Sikuridhika, lakini nilikaa. Ukishaitwa mwoga miaka miwili unajifunza kuumeza woga wako. Nikahesabu vichwa. Viwili. Nikatafuta ndara zangu nilizoziacha pembeni ya mchanga, nisizione. Nikazitafuta tena, nikaziona. Zilikuwa zinaelea, zinakwenda zake, moja mbele na nyingine nyuma, na pale nilipoziacha palikuwa maji.

Nikageuka kuangalia mkondo tuliouvuka. Yesu wangu! Haukuwa mkondo tena. Ulikuwa mto, mpana, wa kijani, unakwenda kimyakimya kwa kasi, na majani ya baharini yanapita juu yake yakizunguka.

"Baba! Amka! Baba!"

Akaamka anacheka, maana alizoea kelele zangu. Akasimama, akatazama. Nilikuwa namwangalia usoni, na niliona kile kicheko kinaondoka. Akaingia majini mpaka kiunoni, akasukumwa, akarudi haraka. Alijua bahari inapwa na kujaa, hilo nani halijui. Alichokuwa hajui, na ziwa lake halikumfundisha, ni kwamba haijai kila siku kwa kipimo kimoja. Yeye alikuwa ameliona fungu kavu juma lililopita, basi kwake lilikuwa kavu siku zote.

"Litabaki," akasema. "Hapa juu litabaki. Tukae tu."

"Litabaki nini, mwanaume wewe? Angalia!"

Kile kidimbwi cha watoto kilikuwa kimeshaungana na bahari. Maji yalikuwa yanakuja kutoka pande zote mbili, taratibu, bila hata wimbi, na fungu lilikuwa limebaki kama mkeka wa kuanikia. Tukapiga kelele kuelekea kijijini. Muziki ukatujibu. Watoto walikuwa wameacha kucheza na wameshikana mikono, wanatuangalia sisi, si maji.

Akavua shati. "Nitawavusha mmoja mmoja. Siwezi wawili, nahitaji mkono wa kujishikilia. Nipe wetu."

Alikuwa na sababu, na mpaka leo naijua ilikuwa sababu nzuri. Wetu alikuwa mdogo, mfupi, maji yangemfika yeye kwanza. Tena mwepesi, wa kujaribu naye njia. Alishanyoosha mikono. Na mimi akilini nikauona mlango wangu, na dada amesimama barazani na mikono yake mitupu, anatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Mtoto wa watu kwanza," nikasema.

"Mke wangu, huyu mdogo..."

"Nimesema wa watu kwanza! Mimi nitamwambia nini yule mama? Nitamwambia nini? Mchukue, nenda!"

Akanitazama. Nadhani miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunitazama vile. Kisha akamwinua yule wa manjano akamweka mabegani, mtoto analia anamwita mama yake, akaingia.

Nilimfunga binti yangu mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga, miguu inaning'inia mpaka kwenye mapaja yangu. Nikalimwaga maji dumu, nikalifunga kizibo, nikalikumbatia liwe boya. Akili hiyo sijui ilitoka wapi. Mume wangu alikuwa ameshafika kifuani, anatembea upande kama kaa, anasukumwa kushoto. Katikati akateleza. Kichwa chake kikazama, na lile gauni la manjano likalala juu ya maji likafunguka kama ua. Kisha kichwa kikaibuka, mtoto yuko shingoni amemshika nywele, wanakwenda tena, na wanapokwenda si pale tulipovukia bali chini kabisa, karibu na mikoko.

Maji yakanifika magotini. Nilikuwa nimesimama mahali pa juu kuliko pote na yalikuwa magotini.

"Mama," sauti mgongoni ikaniambia, "zamu yetu lini?"

"Sasa hivi."

"Mbona baba ameenda na yeye?"

"Anarudi."

"Mbona ameenda na yeye kwanza?"

Nikaanza wimbo wa kanisani, ule unaoimbwa misibani, maana ndio pekee ulionijia. Nikauacha. Nikaanza kusali, nikakuta nasema maneno yaleyale: simama, simama hapo, simama. Nilikuwa nayaambia maji. Nilikuwa namhisi mwanangu moyo wake unapiga kwenye uti wangu wa mgongo, na nikajisemea kwamba nimemwua. Nimemwua kwa heshima. Watu watasifu, watasema mwalimu yule alikuwa muungwana, na mtoto wangu atakuwa hayupo. Nitawatazamaje? Nitamtazamaje baba yake? Mchanga ulikuwa unaondoka chini ya visigino.

Alirudi kwa kuogelea, lakini ilibidi apande pwani mpaka juu kwanza ndipo ajitupe, asije akapelekwa akapitiliza. Alipofika kwetu midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akamfungua mtoto mgongoni kwangu, akamweka shingoni, akaniambia nishike mkanda wake kwa mkono mmoja na dumu kwa mwingine, nisiachie hata nikinywa maji.

Niliyanywa. Siwezi kusimulia vizuri kule katikati, maana sikuona kitu. Nilifumba macho nikakaza vidole. Miguu ikakosa chini. Nilisikia mtoto anakohoa juu yangu na nikashukuru, maana anayekohoa yu hai. Kisha goti langu likapiga mchanga, nikatambaa, nikatapika maji ya chumvi na pilau la jirani.

Nilipoinua kichwa nikamtafuta wa manjano. Hayupo.

"Umemwacha wapi?"

"Pale. Nimemwambia akae pale, asiondoke."

Pale palikuwa na alama ya makalio kwenye mchanga na hakuna mtoto. Weee! Nilisahau kwamba nimechoka. Nilikimbia ile pwani nikimwita, mume wangu amekimbilia upande wa pili, na sasa binti yangu nimemwacha kakaa peke yake anatetemeka. Mara ya pili siku hiyo hiyo. Nimemtanguliza wa watu kumbe nimempeleka kupotea! Tulimkuta nyuma ya kichaka cha mikadi, amebaki na nguo ya ndani, amelitandaza gauni lake la Idi juu ya majani na anajaribu kulikamua upindo kwa vile vidole vyenye hina.

"Mama atanichapa," akasema. "Limelowa."

Nikakaa chini pale pale. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Jioni, Rahaleo, nilimpeleka mwenyewe. Mume wangu alitaka tuseme mvua ya ghafla, au watoto wamecheza majini. Nikamwambia uongo huo aupeleke kwao ziwani. Nikamwambia dada kila kitu mlangoni, mbele ya wageni wake, ndara za mume wangu zikiwa miguuni mwangu. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akakaa kwenye kizingiti.

"Lakini mwalimu, niliwaambia," akasema kwa upole. "Idi inakuja na mwezi mchanga. Mwezi ukiandama maji yanatoka sana, na yakitoka sana yanarudi sana. Bamvua. Nyie mlidhani nasema nini?"

Akamvuta mwanawe, akamgeuza, akampapasa kichwa, mabega, vidole. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa bila kujua.

"Alianza kuvuka nani?"

"Wako."

Machozi yakamtoka tu, hajasema asante, na nashukuru hakusema. Akanyoosha mkono kwa binti yangu aliyekuwa amejificha nyuma ya kanga yangu, akampakata kwenye magoti yake yeye, mtoto wake mwenyewe akiwa amesimama pembeni, akamlisha pilau kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha.

Watu wakisikia kisa hiki wananisifu. Mimi sifa hizo sizitaki, zinanitia baridi. Bahari siiogopi tena kama zamani, nimeshaujua ubaya wake, na kabla ya kuwatoa watoto naangalia mwezi kwanza. Ninachokiogopa ni kile kinywa changu. Najua maji yakija tena leo, wakiwa wawili, kitasema vilevile.

Jioni ile nilimwogesha binti yangu kwenye beseni. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali, masikioni, kwenye mizizi ya nywele. Alitulia, si kawaida yake, ananiacha nimsugue. Nikadhani amesinzia.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Idi ijayo na mimi niwe mtoto wa watu."